Gari Lako Halikuwa na Kosa, Gau

Mwanangu Gaudensia,

Watu wa rika langu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali, kisha husema sisi huku hatujambo. Nikikuuliza hali nitakuwa nakutania, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na hali yako nimeiona. Umekonda, na tangu juzi unakunja nguo zilezile, unazikunjua, unazikunja tena. Na mimi nikisema sijambo nitakuwa nimeanza na uongo, na uongo ndani ya nyumba hii umeshatosha.

Sasa hivi umepanda kwa bibi yako kuaga. Kwa jinsi bibi yako anavyoaga, hutashuka kabla ya saa kumi na mbili. Nimefunga karakana, nimechana karatasi katikati ya daftari la oda, nimekaa mezani. Kesho alfajiri utapanda basi Msamvu uende Tunduma kuuza vitenge na binti wa mama yako mkubwa. Sina neno baya juu ya vitenge. Sitakuandikia ule nini, ulale wapi wala umwamini nani. Hayo mama yako alikufundisha mapema, na mimi mwenyewe nimeishi kwa mafundisho yake hayohayo.

Nina neno moja tu, na naliandika hapa juu kabla sijapata ujanja wa kulizungusha. Unaondoka ukiamini kwamba mchoro wako ndio uliomuua mama yako. Si kweli. Gari lako halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nimelijua tangu siku ile hospitalini, na nimekaa nalo miaka miwili huku nakutazama unavyokauka.

Nimeandika. Sasa acha nikueleze lilivyokuwa, kwa sababu nakujua, hukubali jambo mpaka umeona bolti zake zote.

Nianzie mbali kidogo. Kabla sijamjua mama yako nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa nyanya. Siku moja nilipita kituo cha mafuta nikajiambia nusu tenki inanitosha. Gari likanizimikia nimeshaipita Dumila, jua la mchana, matenga ya nyanya yamepangwa mpaka juu. Kupata mafuta kulinichukua mpaka kesho yake. Nyanya za chini zilianza kutoa maji, yakawa yanadondoka barabarani, na wauza vitunguu wa pale wakawa wanakuja kuniangalia kwa zamu. Tajiri alinifukuza kazi mbele yao. Nilikuwa kijana na aibu ile iliniingia mpaka kwenye mifupa. Tangu siku ile sijawahi kuanza safari na tenki nusu. Mama yako alikuwa akisema hata ndoo ya maji ya kunawa nikiikuta nusu sina amani. Watu walinisifu kwa tabia hiyo, wakasema Fundi Kosta ni mtu makini, na mimi nikaamini kwamba ni busara. Ilikuwa hofu tu.

Sasa tuje kwenye gari. Tangu msiba hatujalitaja kwa jina, tunasema “kile kitu kilicho nyuma”, tunapita pembeni ya turubai lake tukiangalia chini. Mimi nataka nilitaje vizuri leo, kwa sababu lilikuwa gari zuri.

Ulikuja likizo kutoka chuo ukanikuta nimelala chini ya lori la mtu. Ukasema, “Shikamoo Baba. Hivi umewahi kuwaza kwamba magari ya huku yanapanda matupu na kushuka yamejaa?” Nikakujibu marahaba, na kwamba hata mbuzi wa huku wanalijua hilo. Ukachuchumaa, ukainamisha kichwa mpaka nikakuona uso, ukasema, “Basi mlima ndio mafuta yetu, Baba. Tunayamwaga kila siku kwenye breki.”

Nilitoka chini ya lori. Ukanichorea kwenye vumbi kwa bisibisi yangu. Gari la umeme likiwa kwenye mteremko, ukiinua mguu, mota inageuka jenereta. Inalishika gari lisikimbie, na wakati huohuo inarudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo kabichi zinazoshuka leo ndizo zitakazolipandisha gari kesho. Nimefanya kazi ya magari maisha yangu yote, nimepanda na kushuka mlima huu mara nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi kulifikiria jambo hilo. Nilijisikia mjinga na nilijisikia tajiri, yote kwa pamoja.

Ulinionyesha kwenye simu pikapu za umeme za wenzetu wa ng'ambo. Magari makubwa kama vibanda, milango minne, viti vya ngozi, bodi ya nyuma fupi isiyotosha hata matenga sita. Nikakuuliza yanabeba nini. Ukasema, “Baiskeli, Baba. Na mbwa.” Tulicheka mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kisha ukaanza kuchora la kwetu. Kebini fupi ya watu wawili, bodi ndefu, pembeni wavu badala ya bati ili mboga zipumue. Betri katikati ya fremu, juu, maji ya vijito yasiifikie. Mwendo wa polepole, kwa sababu barabara yetu haina mahali pa kukimbilia.

Na urefu wa bodi kutoka chini. Hilo ndilo lililonifanya nikuheshimu kama fundi mwenzangu. Ulimsimamisha mama yako uani na tenga la karoti kichwani, ukampima kwa futi ya cherehani, ukachora bodi iwe palepale ambapo mwanamke anaweza kulisukuma tenga kutoka kichwani likaingia garini bila kuita mtu wa kumtua. Katika magari yote niliyowahi kuyagusa, yaliyotengenezwa na watu wenye akili na viwanda, hakuna hata moja lililopimwa kwa kichwa cha mwanamke anayebeba mzigo. Mama yako alijifanya hajali. Usiku akaniambia, “Mtoto amenipima kama bibi harusi.”

Mota na betri tulizipata Dar, kwenye yadi ya skrepa, katika gari dogo la umeme lililogongwa. Bodi ilikuwa pikapu yangu kuukuu. Tulifanya kazi likizo mbili na wikiendi zako zote. Lilipowaka mara ya kwanza sikusikia kitu nikadhani limekufa, kumbe lilikuwa limeshaanza kutembea, nikakimbizana nalo uani. Nafikiri hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi.

Ulinipa sharti moja. Tukipanda kupakia, tukalichaji kwa umeme wa maji wa misheni, nisizidishe asilimia sitini kwenye mita. Betri iliyojaa, ulisema, haina pa kuuweka umeme unaorudi, kwa hiyo mota inakataa kulishika gari, unabaki na breki za mguu peke yake, na breki zenyewe ni za zamani na mzigo ni mzito. Uliandika kwenye plasta ukaibandika karibu na usukani: JUU MWISHO SITINI. Ukanisomea. Ukanifanya nirudie kama mtoto wa katekisimu, na nikarudia.

Najua utaanza kujitetea kinyumenyume. Utasema fundi bora huchora gari akimfikiria dereva mpumbavu, kwamba ungeweka king'ora, kwamba ungefunga kitu cha kukata chaji. Usinianzie hayo. Dereva hakuwa mpumbavu. Dereva aliambiwa, akaelewa, akakubali, kisha akafanya alivyotaka.

Unamkumbuka yule tajiri wa mboga wa mjini mwenye malori. Alikuwa amesikia habari za gari, akasema nilishushe na mzigo kamili alione kwa macho yake, na kama litamridhisha angetaka mengine ya kukusanyia mboga vijiji vya juu. Wewe ulikuwa chuoni kwenye mitihani. Ulinipigia simu ukasema, “Baba, mwonyeshe mita ikipanda wakati gari linashuka na mzigo. Hicho ndicho hajawahi kukiona.” Nikasema sawa. Nilipokata simu nikaanza kuwaza. Mtu kama yule anajua nini kuhusu mita inayopanda? Anachokijua ni tenki lililojaa. Nikamwona kichwani ananichungulia dirishani, anaona mita iko katikati, anacheka. Nikawaona na wale wauza vitunguu wa Dumila nyuma yake.

Nikaliacha kwenye chaji mpaka asubuhi. Lilikuwa limejaa kabisa. Nakumbuka nilifurahi.

Mama yako alipanda akakaa pembeni yangu, akiwa na kile kitambaa chake cha kichwa cha kwendea mjini. Mzigo ulikuwa kabichi na karoti, na tulikuwa tumeongeza, maana majirani wawili waliomba na mimi sikutaka kuonekana mchoyo siku kubwa kama ile. Kona ya kwanza nilikanyaga breki. Ya pili nikakanyaga zaidi. Mama yako alikuwa ameshashuka na gari lile mara nyingi, alilijua kwa mwili wake. Akaniambia, “Baba Gau, mbona leo halijishiki?”

Nikamjibu, “Limejaa, lina nguvu. Tulia.”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Alikuwa ameuliza swali sahihi, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, nimelitamka mwenyewe, nisilisikie. Baadaye kidogo ilikuja harufu ya breki kuungua, halafu mguu ukaenda mpaka chini bila kukuta kitu. Kulia korongo, kushoto ukuta wa mlima. Nilichagua ukuta. Yeye ndiye alikuwa upande wa ukuta.

Umeshawahi kuniuliza kama aliumia sana na nikasema hapana. Hilo ni kweli, Gau, silipaki rangi. Ilikuwa mara moja.

Ulinikuta hospitalini na bandeji kichwani. Ulikuwa na mafuta ya mashine kwenye kucha, umetoka moja kwa moja kwenye mtihani wa vitendo. Hukulia kwanza. Ulinishika mkono ukauliza, “Baba, ulichomoa kwenye sitini?”

Nikasema, “Ndiyo.”

Nilidhani nitakwambia kesho yake. Nilijiambia mtoto asisikie mambo mawili siku moja. Kesho yake kulikuwa na jeneza, na kesho kutwa kulikuwa na watu. Uongo mdogo hauhitaji kazi yoyote, ukishauweka unakaa wenyewe. Ungekuwa umeniuliza mara ya pili labda ningevunjika, lakini wewe hukuwa mtu wa kumuuliza baba yako jambo mara mbili. Uliniamini.

Siku ya mazishi unakumbuka mtani wa ukoo wenu alivyofanya. Alijifunga waya kiunoni, akashuka mteremko wa shamba akiyumba, akipiga honi kwa mdomo, akawapitia waombolezaji huku anapiga kelele, “Umeme hauna breki! Umeme hauna breki!” Watu wakacheka kama desturi inavyotaka, maana mtani ana haki yake msibani na asiyecheka ndiye mwenye makosa. Na wewe ulicheka. Kisha nikakuona unaelekea nyuma ya nyumba. Sikukufuata. Nilikuwa nacheka bado, Gau, kwa sababu niliogopa kuwa wa kwanza kunyamaza.

Halafu kikao baada ya kuanua matanga. Hapo ndipo nilipofanya ubaya wenyewe, ule wa kufikiria. Mjomba wako Damiani aliuliza mbele ya wote, kwa upole, “Shemeji, tuambie. Dada yetu ameuawa na nini?”

Wewe umezaliwa ndani ya jambo hili kwa hiyo huenda hulioni. Mimi ni Mbena wa Njombe. Kwetu ardhi ni ya baba na mtoto wa kiume, na sehemu yangu ndugu zangu waliigawana nilipochelewa kurudi. Hapa kwenu ardhi ni ya lukolo, ukoo wa mama, na mume ni mtu aliyekaribishwa. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu juu ya ardhi ya mke wangu. Karakana vilevile. Mama yako alipokuwa hai alinitania, “Mbena wewe, ukinikera narudisha viazi vyako Njombe,” na tulicheka kwa sababu hakuna aliyekuwa anakwenda popote. Siku ile ya kikao nilitazama nyuso za wajomba zako nikapiga hesabu haraka haraka. Wakijua kwamba mimi ndiye niliyemuua dada yao kwa kiburi, nitafungasha kabla ya jua kuzama. Lakini kosa likiwa la mchoro, hakuna atakayefukuzwa. Wewe ni damu yao, wewe ni wa lukolo, wewe ndiye mwenye ardhi baada ya mama yako. Watakusikitikia tu. Nikajiambia, mtoto anaweza kulibeba hili bila kuanguka, mimi siwezi.

Nikasema, “Breki ya umeme ilikataa.”

Macho yote yakaja kwako. Hakuna aliyekulaumu kwa neno, hilo nililipigia hesabu vizuri. Sikuwa nimepiga hesabu ya kwamba utajilaumu wewe mwenyewe kuliko wote. Ulirudi chuoni ukaanza kuitafuta hitilafu. Nilikuona likizo ile, ukurasa kwa ukurasa, unapiga mahesabu ya mteremko na uzito, na kila ukifika mwisho yanakupa jibu kwamba gari lilipaswa kusimama. Mtu mwingine angesema basi mahesabu ni sahihi na dereva anadanganya. Wewe ulisema kumbe mahesabu siyawezi, mimi si mtu wa kazi hii. Ukaacha chuo mwaka wa mwisho. Daftari la michoro ukaliwashia jiko, na mimi nilikuwa nimekaa palepale nasubiri uji.

Kurasa nne ziliponyoka. Ninazo. Nitakupa pamoja na barua hii, ufanye utakavyo.

Sasa sitaki ukisoma hapa udhani nakutuma urudi. Najua karakana moja ya Dar inayojaribu kutengeneza pikapu za umeme ilikutafuta mara mbili na ukakataa. Sijui kama bado ipo. Hao wa Dar nimewafuatilia kwenye simu. Wanashinda mashindano, wanapigwa picha na wageni, gari moja jeupe limefungwa utepe, halafu kimya. Nikuambie kama fundi aliyenunua na kuwauzia watu magari kwa miaka mingi. Mtu wa Morogoro akija kununua pikapu haulizi inakwenda kwa mafuta au kwa umeme. Anauliza ikinifia Turiani nani ataifungua, na nikichoka nayo nitamuuzia nani. Pikapu ya dizeli kuukuu hata ikigongwa, mlango una mnunuzi, difu ina mnunuzi, kioo kina mnunuzi. Betri ikichoka hakuna wa kuigusa, na betri ndiyo gari lenyewe. Halafu tajiri anayeweza kununua hapandi mlima, na mama anayepanda mlima hawezi kununua. Gari lako lilikuwa sahihi, Gau, na sidhani kama litanunuliwa. Ningependa kukwambia vinginevyo.

Na hapa mlimani nimeliua mimi mara ya pili. Ule utani wa msibani umekuwa msemo. Mwaka jana walikuja vijana fulani na bajaji za mizigo za umeme, wakaita mkutano pale juu misheni. Wazee walisikiliza, wakauliza maswali mazuri, kisha mama mmoja akasimama akasema, “Umeme hauna breki, sisi tumeshazika,” na mkutano ukaisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, maana wote walikuwa wananitazama kama shahidi. Nikaenda kuwasha pikipiki. Akina mama wanaendelea kushuka na matenga kichwani, shingo zinakwisha, na boda boda zinaendelea kuwachukulia sehemu kubwa ya walichovuna. Kila nikimwona mmoja anapumzika kwenye kona ile, najua angekuwa amekaa ndani ya kebini.

Jumatatu nilimwendea mjomba wako Damiani. Nilimkuta anapalilia maharage. Nikamwambia yote, nimesimama kati ya matuta, bila kuanzia mbali. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, nikadhani hakusikia. Akarudi.

“Mtoto anajua?”

“Bado, shemeji.”

“Umekuja kwangu kwanza.”

“Wewe ndiye mkubwa wa ukoo.”

“Mimi nilizika dada, nikalia, nikamaliza,” akasema. “Umeanzia pasipo na kidonda, Kosta. Nenda kwa mwenye nacho.”

Nikamuuliza kuhusu kukaa kwangu hapa. Akasema hilo si lake, ardhi hii baada ya marehemu ni ya Gau, na yeye ni mlinzi tu. Atakalosema Gau ndilo litakalokuwa. Kisha akaniomba nisimpe mkono, kwa sababu hakujua kama angeweza kuupokea.

Kwa hiyo nyumba, karakana, na mimi niliyemo, tuko mikononi mwako. Ukisema niondoke nitaondoka wiki hii, na nitakwenda bila kukusema vibaya kwa mtu yeyote. Jumapili hii, uwe umesema au hujasema, nitasimama baada ya misa niwaambie watu wote breki haikukataa. Sijui kama wataacha msemo wao. Msemo ukishapata mdomo wa mtani haufi kirahisi.

Barua hii nitakupa mkononi jioni hii, ukishakula. Nilifikiria kuitia kwenye begi uikute Tunduma, au kukupa dirishani basi likiwa limeshawasha injini. Zote mbili ni njia za kukimbia na nimezikataa. Nitakaa karakana mlango ukiwa wazi. Kesho sitakusindikiza Msamvu isipokuwa wewe useme. Mjomba wako ameshajiandaa kukupeleka.

Limebaki moja, nimelisukuma mpaka chini kabisa kwa sababu ndilo ninaloliogopa.

Ilikuwa Kwaresima iliyopita. Nilikuwa nakunywa uji jikoni, ukaja ukapiga magoti sakafuni, hukuweka hata kanga chini. Ukasema, “Baba, nimekunyang'anya mke wako. Naomba unisamehe.” Machozi yalikuwa yanakwenda mpaka kwenye shingo. Na mimi, niliyejua kila kitu, niliweka kikombe chini, nikakuwekea mkono kichwani, nikasema, “Nimekusamehe, mwanangu. Inuka.” Ukaniinamia miguuni ukanishukuru. Ulilala vizuri wiki ile, nilisikia huamki usiku. Nami nikajidanganya kwamba nimekutendea wema.

Nilikusamehe upesi, Gau, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kusamehe. Wewe unacho cha kunisamehe, na ni kikubwa. Hata kama hutakimaliza mpaka nife, usiniharakishie.

Ni mimi baba yako,
Kosta